Sikio la Kulia

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya jirani yetu, mwanamke nisiyemjua alinivuta pembeni akaniuliza kama mimi ndiye yule binti wa Kizanzibari aliyekuwa akianguka. Nikamwambia ndimi. Akatazama nyuma yake, kisha akasema ana mdogo wake, naye huanguka, na nyumbani wameshaanza kumfungia mlango. Hakuniomba dawa. Aliniuliza tu, "Ilikuwaje?" Vigelegele vilikuwa vingi, sikuweza kumjibu, na yeye akaitwa akaenda zake. Kwa hivyo namjibu hapa, yeye na mdogo wake, na mwingine yeyote ambaye ukuta umewahi kumkimbia.

Nitangulize jambo moja. Mimi si daktari, wala skuli sikuimaliza. Ninachokijua nimekiokota mwenyewe, kwa kamusi na kwa kuuliza, na utaona mbele huko kwamba elimu ya kuokota karibu inigharimu. Tena mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawa tangu mwanzo. Ukurasa huu nimeuchana na kuuanza upya mara nyingi. Huu sitauchana tena.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, mama yangu, kaka yangu Nasor, mkewe Raya, na mimi. Baba alikwisha fariki zamani. Namna tulivyotoka Unguja siielezi, anayejua anajua. Tulipata nyumba ya vyumba viwili nje ya ukuta wa mji. Kaka akapata kazi ya kuandika barua katika duka la mfanyabiashara wa vitambaa, na mimi na mama tukashona kofia za kuuza. Kushona kofia nilikupenda. Kofia ni vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na kimoja kikienda kombo macho yangu hayaoni kingine. Nilikuwa nafumua safu nzima kwa ajili ya kitundu kimoja, na mama alikuwa akisema, "Anayeivaa ataiona wapi, Salha? Iko kichwani kwake!"

Kiarabu cha huku hatukukijua vizuri. Nyumbani Unguja tulisema Kiswahili, na Kiarabu kilikuwa cha msahafu. Majirani wakituita Zanjibari, na wakisema nasi walipandisha sauti kama tuko ng'ambo ya bonde. Nikaanza kujifundisha. Nilikaa karibu na wanawake kisimani, nikisikia neno jipya nalirudia moyoni mpaka liwe sawasawa, wala sikulitoa mdomoni kabla ya hapo. Ndiyo maana hakuna aliyegundua mapema. Mtu akinisemesha nisimjibu, walisema hajui Kiarabu. Nami nilidhani hivyo hivyo. Msimu mzima wa baridi nilijilaumu kwamba nimekuwa mzito wa lugha, kumbe sikio langu la kushoto lilikuwa linaondoka kidogo kidogo.

Mara ya kwanza ilikuwa kiangazi kilichofuata, asubuhi, jua halijapanda. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka na kofia mapajani. Sikio likajaa, kama vile linavyojaa mtu akipiga mbizi. Kisha nikasikia jiko la mafuta linavuma chumba cha pili.

"Wifi," nikamwambia Raya, "lizime jiko, linanipigia kelele."

"Jiko gani? Hatujawasha jiko leo."

Hapo ukuta ukaondoka. Siwezi kulisema vingine. Haukuzunguka kama vile watoto wanavyojizungusha uani wakacheka. Uliondoka kwenda kushoto, ukarudi, ukaondoka tena, na mimi nikaushika mkeka kwa vidole vyote, kwa sababu nilikuwa na hakika nadondoka kutoka pale chini nilipokuwa nimelala. Nikatapika juu ya kofia. Nilipoweza kufumbua macho jua lilikuwa limeshaingia mpaka katikati ya chumba, na mama alikuwa amekaa juu ya miguu yangu ili nisiende popote.

Kiswahili tunaita kizunguzungu, na Waarabu wa huku wanasema dokha, na maneno yote mawili yamekuwa madogo. Ukimwambia mtu una kizunguzungu atakwambia hata yeye, akisimama ghafla. Mwambie mdogo wako asilitumie neno hilo peke yake. Aseme ardhi inaondoka.

Ilikuja tena baada ya wiki kadhaa, kisha ikawa inakuja inavyotaka. Nilikuwa binti ambaye sijaolewa, natapika asubuhi, siwezi kusimama. Unaelewa walichofikiri. Raya hakuniambia mimi, alimwambia kaka, na kaka akamwambia mama, na mama akaja kukaa karibu yangu akaanza kukunja nguo zilizokuwa zimekwisha kunjwa.

"Salha, mwanangu. Nnakuuliza mara moja tu."

"Niulize."

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akaniamini, nadhani. Lakini mkunga aliletwa hata hivyo, kwa ajili ya nyumba, ili maneno yakatike. Nililala nikaangalia boriti za dari. Nilidhani nitalia au nitaona aibu, lakini hapakuja kitu. Mkunga alisema mbele ya Raya kwamba mimi ni kama nilivyozaliwa, akapewa kahawa. Raya hakunitazama usoni siku zile, na neno la kuniomba radhi halikusemwa. Alikuwa na mimba yeye, ya kwanza, na baadaye alipojifungua mtoto wa kiume sikuruhusiwa kumpakata. "Utamwangusha," alisema. Alisema kweli. Ningeweza kumwangusha.

Tukaanza kutafuta dawa. Mwalimu wa chuoni aliniandikia kombe, aya kwa zafarani katika sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji, nikalinywa wakati wa mavuno ya tende. Ramadhani ikaingia, nikafunga siku nilizoweza. Baada ya Idi mzee mmoja alinipiga chuku mgongoni kunitoa damu. Kiangazi cha pili nilichomwa utosini kwa chuma cha moto, na hilo ndilo ninaloweza kukuambia mdogo wako asifanyiwe, maana kovu ninalo na kuzunguka hakukupungua. Kombe sililaumu. Siku zile za kombe nililala vizuri.

Kaka Nasor ni mtu wa mzaha, hata katika msiba atapata la kusema. Ndiye aliyeyapa masikio yangu majina. Alisema, "Salha ana sikio la kulia na sikio la kunyamaza." La kushoto lilikuwa linalia kutwa: mara jiko, mara nyuki, mara mvuke wa meli. La upande wa pili lilikuwa zima, limenyamaza. Mzaha ukawa jina. Mama akiniamsha huuliza, "Leo sikio la kulia vipi?" nami husema limetulia, au linavuma. Hakuna aliyecheka tena. Lilikuwa jina tu, kama mtu anavyosema chumba cha uani.

Watu wa kijiji cha Bawshar walikuja kuniposa msimu wa baridi wa sitini na sita. Nilifanya mazoezi ya kubeba sinia ya kahawa siku nzima, nikitembea kando ya ukuta. Wageni walipokaa nilitoka vizuri, nikatoa salamu kwa Kiarabu kisichokuwa na kosa, nikamimina vikombe viwili. Kikombe cha tatu sikukifikia. Walikuwa watu wema. Mama mkwe aliyekuwa awe wangu alinifuta uso kwa shela yake mwenyewe. Hawakurudi.

Daktari wa masikio alikuja msimu wa baridi wa mwaka uliofuata. Alikuwa Mhindi wa Bombay, si mtu mzima sana, na alikuwa amepanga nyumba Matrah, bandari ya jirani, akaigeuza zahanati. Alikuja na masanduku yake kila msimu wa baridi na kuondoka joto likianza. Habari zake kaka alizipata dukani: kwamba hatibu kila kitu, anataka watu wa namna mbili tu, wasiosikia na wanaozunguka, na hasa wale wenye yote mawili. Kaka aliziuliza habari hizo mpaka akakodi nafasi kwenye Land Rova, tukapita njia ya mlimani, mimi nimefunikwa uso kwa kitambaa nisione mlima ukitembea.

Mahali pa kungojea palikuwa ukumbi mrefu wenye mikeka. Wanawake upande mmoja, wanaume nyuma ya pazia la gunia. Kulikuwa na mtungi wa maji na kata moja. Pembeni yangu alikaa mwanamke wa kijiji cha Qantab aliyevaa barakoa, na mtoto wake usaha unamtoka sikioni, na kila nzi alipotua yeye alimpungia kwa ncha ya kanga yangu, bila kuniomba, kama vile tumekua pamoja. Nilipanga majibu. Nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani, la kwanza mpaka la mwisho, ili daktari asipate tabu. Lakini siku iliyotangulia nilikuwa nimeanguka, na baada ya kuanguka kichwa changu hubaki kama pamba. Nilipoitwa, aliyejibu alikuwa mama.

Mkalimani alikuwa Bwana Salum, Mzanzibari kama sisi, mtu aliyefanya kazi melini miaka mingi akakijua Kiingereza cha melini. Daktari aliuliza, Salum akageuza.

"Anauliza, Bi Mkubwa, sikio gani lenye tabu?"

"La kulia, ndugu yangu," mama akasema. "La kulia hilo, halimpi raha hata kidogo."

Salum akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Ndilo lilikuwa jina la sikio lile.

Daktari akaandika.

Kisha akanipima. Alinigongea chuma chenye pembe mbili kinacholia, akakisogeza huku na huku. Siku ile masikio yote mawili yalisikia karibu sawa. Ugonjwa wangu ulikuwa na tabia hiyo wakati ule, sikio likiondoka na kurudi, na siku ya kwenda kwa daktari ndiyo siku ya kurudi. Akanitia maji baridi masikioni, akaniweka kwenye kiti kinachozunguka kama cha kinyozi, akanizungusha, akanisimamisha ghafla, akanitazama macho kwa karibu sana mpaka mama akakohoa. Nikatapika kwenye beseni.

"Samahani," nikasema. "Samahani sana."

Daktari akasema kitu. Salum akacheka. "Anasema usiombe radhi. Anasema amekuja kutoka Bombay kwa ajili ya hayo matapishi."

"Basi apelekewe," mama akasema, "beseni hilo hapo."

Daktari alitueleza kwamba kwa miaka mingi anakusanya habari za watu kama mimi katika miji ya bandari, anaandika kitabu kikubwa juu ya kusikia na kusimama, namna mambo hayo mawili yalivyokaa chumba kimoja ndani ya kichwa. Sikuwahi kufikiria kwamba wako watu kama mimi. Alinipa vidonge, akanikataza chumvi, akasema nirudi msimu ujao.

Mwaka ule wa kula bila chumvi niliusoma mwili wangu. Kaka alikuwa na kitabu cha zamani cha skuli, cha Kiingereza, chenye picha za mifupa na moyo, na kamusi iliyokatika jalada. Sikuwa na mtu wa kunifundisha. Nilichukua neno moja moja, na sikwenda mstari wa pili kabla wa kwanza kukaa sawa. Maneno niliyajua kwa macho, si kwa masikio; nilijua yanavyoandikwa, sikujua yanavyotamkwa. Nilisoma kwamba upande mmoja wa ubongo unaongoza upande wa pili wa mwili, kwamba nyuzi zinapishana. Jambo hilo lilinifurahisha. Lilikuwa la kwanza kunifurahisha kwa muda mrefu, nikalihifadhi.

Vidonge havikusaidia. Daktari aliporudi, msimu wa baridi wa sitini na nane, alisema kilichobaki ni kisu. Salum alitueleza polepole: sikio lenye ugonjwa litafunguliwa na kutolewa kile kinachozunguka. Litakufa kabisa, halitasikia tena maisha. Lakini ardhi itasimama. Litabaki lile moja zima.

Mama aliniuliza mara tatu. Nikasema ndiyo mara tatu. Sikuwa jasiri, mwanamke mwenzangu. Nilikuwa nimechoka mpaka hapakuwa na cha kuogopa nacho.

Asubuhi ya kupasuliwa niliingizwa chumba cha ndani peke yangu. Mama aliambiwa angoje kwenye mkeka. Msaidizi wa kike, Mhindi, akanifungua nywele, akachukua wembe, akaninyoa nyuma ya sikio. Upande wa kulia. Mkono wa kulia, mkono wa kulia chakula, upande huo. Nywele zikaanguka begani, nikaziangalia.

Niliona. Sitaki kukudanganya kwamba sikuona. Nilijua sikio langu lenye ugonjwa ni la kushoto, nami nimelala, na wembe uko kulia. Nikajieleza mwenyewe: nyuzi zinapishana. Daktari anaingilia upande huu ili aufikie ule. Nimelisoma. Nilijisikia mwerevu. Nilifikiri hata kwamba nikiuliza nitaonekana sijui. Daktari akaingia, akagusa pale paliponyolewa, akasema "rait", neno la Kiingereza ambalo kwangu lilikuwa na maana ya "sawa", kwa sababu alikuwa akilisema kila saa kwa maana hiyo, na sikujua kwamba ndilo hilo hilo la upande wa kulia. Nami nikasema sawa.

Kilichoniokoa ni shela. Msaidizi alinivua shela akaipeleka nje, na mama, ambaye hakuwahi kukubali nikae kichwa wazi mbele ya mwanamume, akainuka nayo akaja mpaka ndani kunifunika. Salum akamfuata mbio.

"Bi Mkubwa, huku hakuingiliwi!"

"Mbona mmemnyoa huku?"

"Ndiko liliko sikio bovu."

"Bovu? Hilo ndilo zima!"

"Lakini wewe mwenyewe ulisema la kulia. Mwaka jana, hapo hapo ulipokaa."

"Nilisema la kulia, naam! Linalolia! Vuuu! Vuuu! Kutwa linalia! Wewe hujui kulia, Salum? Hukuzaliwa Unguja wewe?"

Salum akasimama. Akautazama mkono wake mmoja, kisha wa pili, kama mtoto anayefundishwa upi wa kulia chakula. Akasema, "La haula."

Daktari akauliza kelele za nini. Salum akamgeuzia. Nilimwona daktari uso ukibadilika huku maneno yakimfikia. Akafungua kile kitambaa cha mdomoni, akakaa kwenye kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kile kiti cha kuzunguka, kikageuka naye kidogo, akaishia kuangalia ukuta.

Na mimi? Mimi nilifikiria nywele, kwamba zitachukua muda gani kuota. Mama akanigeukia.

"Na wewe, Salha! Macho unayo, mdomo unao. Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilidhani wanaingilia huku kwa sababu nyuzi zinapishana."

"Nyuzi gani?"

"Za ubongo. Nimesoma kwenye kitabu cha Nasor."

"Kitabu cha Nasor," mama akasema, "kingekuacha kiziwi wa masikio yote mawili, na mimi ningekizika pamoja na Nasor."

Tulirudi nyumbani siku ile ile. Daktari alitutoa mpaka kwenye gari, jambo ambalo sikumwona akilifanya kwa mtu mwingine. Alisema kwa kinywa cha Salum kwamba kosa ni lake, kwamba aliuliza kwa mdomo jambo la kuulizwa kwa mkono. Mama akapanda gari.

Nyumbani pakawa vita. Kaka alisema yule mtu hatamgusa tena dada yake. Mama alisema hivyo hivyo. Raya alisema, mara ya kwanza yuko upande wangu au upande wowote, "Kwani akizunguka nani anakufa? Akae tu." Na nikakaa. Lakini sikio lile halikujua kwamba tumegombana kwa ajili yake. Likarudi kwa nguvu ambazo sikuzijua. Wiki ile nilianguka jikoni, nikafika chini kifua juu ya kizingiti, na kufika hapo nikamsikia mtoto wa Raya analia karibu sana na kichwa changu. Alikuwa amenifuata kwa nyuma. Nilikuwa nimemkosa kwa upana wa kiganja.

Nilipoweza kukaa nikasema, "Nitarudi Matrah."

"Kwa mtu aliyetaka kukuua masikio?" kaka akasema.

"Kwa mtu anayejua sasa ni lipi."

"Salha, umeacha akili."

"Kaka, mimi nikianguka tena juu ya mwanao hutaniambia nikae."

Raya alimchukua mtoto akatoka naye uani.

Nilikwenda na mama, na safari hii nilijibu mwenyewe. Daktari alipouliza, Salum akageuza, na nilimwona Salum anaogopa kutamka upande wowote. Sikusema la kulia wala la kushoto. Nilimshika daktari kidole, mbele ya mama, Mungu anisamehe, nikakiweka juu ya sikio langu la kushoto nikakibana hapo. Akatoa kalamu ya wino akanichora alama nyuma yake. Kisha akampa Salum kalamu, Salum naye akachora. Kisha mama akasema, "Lete na mimi," akachora. Niliingia ndani nimeandikwa kama gunia la mchele.

Kilichofuata nakieleza kwa ajili ya mdogo wako, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza. Baada ya kisu ardhi haisimami siku hiyo. Inakwenda kwa nguvu kuliko zamani, siku nyingi, na nilidhani nimedanganywa. Ukitapika na mshono unavuta. Nilijifunza kula mkate mkavu kwa vipande vidogo. Halafu siku moja boriti ya dari ilibaki mahali pake kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Nilianza kutembea kando ya ukuta, kiganja ukutani, kisha kidole kimoja, kisha kivuli cha kidole. Gizani mpaka leo siwezi. Bila taa napepesuka kama mlevi. Vumbi likitimka nasimama nangoja. Sikio lililokufa bado linavuma. Hilo nalo hakuna aliyeniambia. Halisikii kitu, na linavuma.

Huzuni ilinichelewa. Nilikuwa nimezoea kutohisi kitu hata nilipopona sikuhisi. Watu walinipongeza, nikawashukuru kwa maneno yaliyo sawa. Nilishona kofia na kitundu kikienda kombo nilikiacha. Mama aliona, akadhani nimeugua upya.

Daktari aliomba nimsaidie msimu uliofuata, kuwauliza wanawake wa Kiswahili na, Kiarabu changu kilipokua, hata wa Kiarabu. Nakaa ukumbini kwenye mkeka. Sanaa yangu ni moja. Sikuulizi sikio gani. Nakwambia, "Shika." Ukishika naandika, kisha nakwambia ushike tena baada ya kikombe cha maji, nione kama ni hilo hilo. Daktari aliniambia kwamba ameliandika hilo katika kazi yake, kwamba mgonjwa aonyeshe kwa mkono na asikilizwe kwa lugha ya nyumbani kwake. Hakuandika jina langu. Nilimwomba asiandike. Mdogo wako mlete, nipo msimu wa baridi mpaka mwanzo wa joto.

Limebaki moja, na silijui vizuri, nakueleza kama lilivyo.

Mwaka huu wa sabini, joto likianza, nilikuwa nimekaa uani nachambua mchele, na mama yuko mbele yangu. Raya alitoka chumbani na mtoto wake wa pili, mchanga bado. Nyumba nzima inajua mtu akae upande gani akitaka kunisemesha. Hata wageni huambiwa. Raya alikuja akachutama kushoto kwangu. Akanipakatisha mtoto, mzito wa usingizi, akakishika kiwiko changu mpaka kikakaa vizuri. Kisha akaweka mdomo karibu na sikio lile lililokufa na akasema. Lilikuwa jambo refu. Nilihisi pumzi yake kwenye shela, na mara moja ikakatika, ikaanza tena.

Nikamwona mama usoni. Alikuwa amesikia. Akafungua mdomo kumwambia Raya kwamba upande huo sio, nami nikamtikisia kichwa.

Raya akamaliza. Akangoja.

"Haya, wifi," nikasema.

Akainuka akaenda kuanua nguo. Mama ameniuliza mara mbili kama nataka aniambie, na mara zote mbili nimemwambia bado.